Kaseti Namba Sita

Kawangware
12 Februari 1995

Ndugu Wesonga,

Niaje buda? Barua hii ikupate umesimama kwa miguu yako mwenyewe. Sisi huku tuko. Mildred ana mimba, tumbo limeanza kumtangulia mlangoni, na siku hizi hataki hata kunusa samaki. Mjaluo mzima! Mama yake akisikia atafikiri ni mimi nimemroga.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Kutoka kwangu hadi kwako Mashimoni ni saa moja kwa miguu, na tunaandikiana kama mmoja wetu ameenda Ulaya. Lakini ni wewe ulisema hutakanyaga kwangu tena, kwa hivyo wacha dada yangu Valentine awe posta. Analala huko kwenu Olympic na kuuza mitumba huku Kawangware, njia yake ni hiyo hiyo kila siku.

Sasa maneno ni haya. Kuna wasee saba huku wanajirekodi nyumbani na gita. Hakuna mtu wa bendi hapo. Omolo ni fundi cherehani, Chege anauza makaa, wengine ni hivyo hivyo. Tumesema tufanye shindano la solo, la kirafiki tu, hakuna zawadi isipokuwa nyuzi seti moja na kuchekana. Nimerekodi ridhimu na bezi dakika nne kwa hiyo kaseti Valentine amekupa. Unaicheza kwa redio moja, unapiga solo yako juu yake, na redio ya pili inarekodi vyote. Kaseti inarudi bila jina, ni namba tu. Yako ni sita. Tutazisikiliza kwangu Jumapili baada ya Pasaka, tupige kura.

Mimi sishindani. Mimi ni mtu wa kufuatisha, si unajua.

Wako,
Timothy


Mashimoni
5 Machi 1995

Timothy,

Salamu nimepata. Mimi ni mzima wa mwili. Mwambie Mildred nimemwombea. Nelima bado yuko Kimilili kwa nyanya yake, ameanza nasari, na wananiambia anauliza mimi ni nani kwenye picha. Ana miaka mitano. Kazi yangu ni ile ile, kwa Shivachi, vitanda na makabati.

Nilipomzika mke wangu Nasambu, mwaka juzi, nilitazama barabara siku mbili. Baba zetu ni ndugu wa tumbo moja, mimi na wewe tulitahiriwa asubuhi moja mwaka wa 82, tulisimama kwa matope ya mto ule ule. Hukuja. Wazee waliniuliza uko wapi nikadanganya kwamba uko hospitali. Pole yako mpaka leo haijafika, lakini kaseti imefika.

Sawa. Nitapiga. Si kwa ajili yako, ni kwa sababu hiyo ridhimu ni ya babu Murunga, uliiiba yote kama ilivyo, na sitaki Mjaluo wa cherehani aje kuiharibu.

Shida ni moja. Hapa hakuna stima. Redio yangu na ya Aketch jirani zote zinatumia mawe ya betri, na mawe yenyewe yamechoka.

Wesonga


Kawangware
14 Machi 1995

Ndugu,

Hehe, kumbe bado unanuka pilipili! Nimesoma nikacheka peke yangu kwa kibanda mpaka mteja akaniuliza kama redio yake imepona.

Hayo mengine ya mwaka juzi tuyaache, jo. Siku moja tutaongea.

Usisumbuke kununua mawe mapya. Yatoe, yaanike juani kutwa nzima, yageuze kama mtama. Yatafufuka. Ni fundi wa redio anakuambia. Mildred anasema asante kwa maombi, sasa ni dagaa za omena ndizo hataki.

Timothy


Mashimoni
2 Aprili 1995

Timothy,

Nakusalimu wewe na nyumba yako. Huku mvua imeingia, choo cha ploti kimejaa, tunavumilia.

Kaseti ndiyo hiyo. Niliirekodi jana mchana Aketch akiwa sokoni na watoto wa ploti wakiwa wameenda kuteka maji. Mawe niliyaanika kama ulivyosema. Ridhimu yako ilitoka nzito kidogo, iko chini, nikalegeza nyuzi zangu mpaka zikaipata. Nilipiga mara kumi na moja. Ya kumi na moja ndiyo hiyo. Nikairudisha nikaisikiliza hapo hapo na nikaona ni mimi kabisa, sina la kuongeza.

Ombi langu ni moja. Iweke ukiwa peke yako kabla hujawaita hao wengine, na uisikilize tangu mwanzo. Nimesema tangu mwanzo.

Nangoja jibu lako.

Wesonga


Kawangware
24 Aprili 1995

Mkubwa wa solo!

Mildred mzima, mimi mzima, Valentine amenunua viatu vya kisigino na sasa anatembea kama amekanyaga mwiba. Hayo yametosha. Keti chini.

Umeshinda! Wasee saba walikuwa hapa jana, chumba kimejaa mpaka mmoja amekaa juu ya debe la maji. Tukaanza na moja, mbili, zikapita. Ya Omolo ilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Halafu nikaweka sita. Buda! Vidole vilikuwa vinakimbia huko juu, vinateremka, vinapanda tena kabla sijapumua. Omolo alitoa kofia akaishika mkononi. Chege alisema huyu si mtu, huyu ni cherehani. Nikawaambia ni ndugu yangu, tumefundishwa na babu mmoja. Kura sita kati ya saba, na ya saba Omolo alijipigia mwenyewe.

Haijaisha. Chege alikuja na Nderitu, yule mwenye bendi inayopiga wikendi kwenye baa kando ya Ngong Road. Mpiga solo wake amehamia Mombasa. Aliondoka na nakala ya kaseti yako kwa mfuko. Anasema uende Jumamosi tarehe 27 Mei mchana, ukipiga hivyo hivyo mbele ya wenzake, kazi ni yako, wikendi zote.

Nyuzi zako ziko na Valentine.

Timothy


Mashimoni
7 Mei 1995

Ndugu yangu Timothy,

Nimeanza barua hii mara tatu. Kwanza, Mildred hajambo? Mwambie akijifungua salama nitatengeneza kitanda cha mtoto kwa mkono wangu, mbao ninazo.

Tangu Nasambu aende sijawahi kuamka nikitaka siku ifike. Sasa naamka. Aketch anasema naimba nikioga na anaomba ninyamaze.

Kuhusu maneno ya mwanzo wa kaseti hukuandika kitu. Nimekaa nayo, nikajiambia kwamba wanaume hatujui kujibu mambo kama hayo, na kwamba kunisimamia mbele ya watu wako ndiyo jibu. Nimelipokea.

Nimemwambia Shivachi namaliza mwezi huu. Valentine ameniambia bendi inataka mazoezi ya jioni kuanzia Jumatano mpaka Jumapili, na huwezi kushika randa na gita siku moja, vidole vinakuwa mbao. Shivachi alisema, "Wewe nenda, lakini randa yangu haingoji mtu." Nimekubali.

Na nimetuma neno Kimilili waniletee Nelima. Kazi ya bendi ni ya jioni, mchana wote nitakuwa naye, na jioni atakuwa kwa Aketch na watoto wake. Mama mkwe alinijibu kwa mkono wa mwalimu, akasema mtoto si kaseti ya kuazimana. Nikimchukua nimemchukua, na nikishindwa atakuja kumtoa mwenyewe na sitamwona tena kirahisi. Nikamjibu alete. Anafika tarehe 20. Nimemnunulia kanga ya kujifunika na kikombe chake mwenyewe cha bluu.

Ubarikiwe, ndugu yangu. Haya yote ni wewe.

Wesonga


Kawangware
11 Mei 1995

Ndugu,

Kwa nini umeharakisha kuacha kazi, Wesonga? Si ungeenda kwanza kwa Nderitu uone? Mtu hatupi mbachao. Wewe pia!

Haidhuru. Fanya mazoezi. Piga haraka kuliko ulivyozoea, piga mbio hata kama inakera. Usiende pale na mwendo wako wa kanisani. Nakuambia kwa uzuri.

Mildred amevimba miguu. Salimia Nelima akifika.

T.


Mashimoni
29 Mei 1995

Timothy,

Salamu. Nelima amefika. Ananiita "wewe".

Nilienda Jumamosi. Nilivaa shati la harusi. Nderitu ni mtu mpole, alinipa soda, akanipa gita ya stima nzuri kuliko zote nilizowahi kushika. Akasema piga ile ya kaseti. Wakanianzia ridhimu, nikaingia. Nikapiga kama nilivyopiga nyumbani, kila noti mahali pake. Mwenye ngoma akaacha kupiga. Nderitu akasema, "Umeshapasha vidole moto, sasa tupe ile yenyewe." Nikasema ndiyo hii. Wakatazamana.

Akaweka kaseti kwenye mashine yao. Timothy, nilisikia gita yangu. Nilijua ni yangu, uzi wa pili una ufa wake. Lakini vile vidole sikuvijua. Vilikuwa vinakimbia kama vimewekwa pilipili. Na mwanzo wa kaseti hakuna kitu, kuna kimya, halafu gita moja kwa moja.

Akasema basi piga hivyo. Nikajaribu. Vidole vikafungana. Nikajaribu tena, uzi ukakatika, mwenye ngoma akacheka mpaka akainama. Nderitu hakucheka. Alitoa kaseti akaniwekea mkononi, akasema, "Peleka kwa mwenyewe. Na umwambie yeye ndiye aje."

Chege alikuwepo. Nimeona midomo yake. Sasa hivi Kawangware yote inajua kwamba nilimtuma mtu anipigie.

Mimi sijamtuma mtu. Wewe unajua, maana wewe ndiye ulipokea. Waambie.

Wesonga


Mashimoni
18 Juni 1995

Timothy,

Wiki tatu. Valentine anasema barua alikupa mkononi, ukaiweka chini ya redio ya mtu.

Sitaki kukusalimia sana. Nataka kukuambia nilichokiona. Ile kaseti aliyonirudishia Nderitu niliiweka kwa redio yangu. Ikatoka mimi, mwendo wangu, noti kwa noti. Nikasema sasa Nderitu alinichezea nini? Halafu mume wa Aketch akarudi na mawe mapya ya tochi. Nikayaazima nikayaweka. Kaseti ile ile, redio ile ile, ikaanza kukimbia.

Nikakaa chini. Mimi ni seremala lakini si mjinga. Mawe yakichoka, tepu inatembea pole. Ridhimu yako ilitoka nzito kwa sababu redio ilikuwa inatambaa, nikalegeza nyuzi kuifuata, na redio ya pili ikarekodi ikitambaa vile vile. Ukiiweka kwa stima ridhimu inarudi sawa, hakuna mtu atashuku, na solo yangu inakuwa ya mtu mwingine. Nilipiga kwa mwendo wa mzee, nyinyi mkasikia kijana.

Kwa hivyo hakuna mwizi hapa. Ni mikono yangu na mawe yaliyokauka juani. Nenda uwaambie wale saba hivyo tu, na umwambie Nderitu. Sitaki kazi ya bendi, imekwenda. Nataka wajue sikuiba. Jumapili kanisani kijana mmoja aliniita "Namba Sita", wenzake wakacheka, na Nelima akaniuliza kwa nini nina namba.

Shivachi ameshaweka mtu mwingine. Mimi nabeba kokoto kwa mjengo huku Olympic, siku wananiita na siku hawaniiti. Mtoto anashinda kwa Aketch. Mama mkwe ameshasikia, sijui nani alimwambia.

Waambie, Timothy. Ni maneno matano.

Wesonga


Kawangware
9 Julai 1995

Ndugu Wesonga,

Pole kwa kukawia, haki ya Mungu tumekuwa na mambo. Mildred alijifungua tarehe 22 mwezi uliopita, mvulana, kilo tatu na nusu, tumemwita Jeremy. Ana masikio makubwa ya babu Murunga, anasikia hata sufuria ya jirani. Mama mkwe wangu amekuja kutoka Siaya na analala kwa kitanda chetu, mimi niko chini na viroboto. Valentine amevunja kile kisigino. Mvua ya Julai huku ni baridi tu, wateja hakuna, watu wanaficha redio zao.

Kuhusu hayo ya mawe, mambo ya kiufundi ni mengi, buda. Mashine hutofautiana. Kuna mota, kuna mkanda wa mpira, kuna vumbi. Siwezi kusema ni hiki ama ni kile. Na wasee wameshasahau, sasa wanaongea mpira. Nikienda kuwakumbusha si ni kama kufukua?

Jipe moyo. Mtoto wako yuko nawe, hilo ndilo kubwa.

Timothy


Mashimoni
16 Julai 1995

Timothy,

Hongera ya Jeremy. Mungu amkuze.

Mama mkwe anakuja mwisho wa Agosti. Amesema akinikuta bado kwa mjengo anaondoka na Nelima. Shivachi yuko tayari kunirudisha, lakini alisema wazi kwamba hawezi kuweka kwenye karakana yake mtu ambaye Kawangware wanamwita mwongo, wateja wake ni wa huko. Anataka mtu wa huko aje amwambie. Mtu huyo ni wewe.

Usiniandikie habari za mota. Wewe ni fundi wa redio. Mtu akikuletea redio inayokimbia unajua kabla hajaiweka mezani. Kwa hivyo nakuuliza swali moja. Ulisikia, au hukusikia?

Wesonga


Kawangware
20 Agosti 1995

Wesonga,

Sina salamu leo. Mtoto ni mzima.

Nilisikia.

Nilisikia siku ile ile Valentine aliponiletea. Nilikaa peke yangu kama ulivyoomba, nikaiweka. Kwanza kabla ya gita kulikuwa na sauti yako unasema kitu. Ilikuwa imepanda, nyembamba, kama ya mtoto wa nasari, kama panya ameingia ndani ya redio. Nilicheka, Wesonga. Nilicheka mpaka Mildred akaja kuuliza. Pale pale nikajua mawe yako yalikuwa yamechoka na tepu ilikuwa inatembea pole. Sikungoja sauti imalize. Nilipeleka mbele mpaka gita ikaanza.

Na nikasikia vile inakimbia.

Ningekurudishia, nikuambie rekodi tena, nikupe mawe mapya. Ilikuwa ni kazi ya siku moja. Badala yake nikaipiga nakala kwa dabo deki, ile redio ya kaseti mbili, nikaanzia kwa gita, ile sauti nikaiacha nje. Maana mtu yeyote angesikia hiyo sauti angejua. Kaseti yako yenyewe nikairekodia juu, iko na taarabu ya mteja sasa.

Unataka kujua kwa nini. Hata mimi nilijiuliza usiku nikiwa chini na viroboto. Kwa matanga ya babu, mwaka wa 92, nilichukua gita yake nikaanza solo. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi miezi minne. Ulikuja ukanitoa mkononi mbele ya wajomba, mbele ya wasichana, mbele ya mama yangu, ukasema, "Timo shika ridhimu, solo ina wenyewe." Watu wakacheka. Mpaka leo nikienda nyumbani kuna mzee mmoja ananiita Ridhimu. Kwa sababu hiyo sikuja kumzika Nasambu. Sikuwa mgonjwa, sikuwa na kazi. Nilikaa kwa kibanda na redio za watu, na nikasema acha asimame peke yake aone.

Sikupanga mambo ya Nderitu. Mawe ya juani nilikuambia kwa nia safi, hilo niamini kama huamini kingine. Nilitaka tu ushinde kwa kitu ambacho mimi najua si chako, halafu nikae nacho. Nilipoona Nderitu anaweka kaseti mfukoni, nikasema moyoni, wacha aende, wacha aitwe mbele ya watu ashindwe, ajue vile inauma. Ulipoandika kwamba umeacha kazi na umemwita mtoto, niliogopa. Nikakuambia upige mbio. Huo ndio ulikuwa ujasiri wangu wote.

Jumapili iliyopita niliwaita wale saba nikawaambia yote. Omolo alisimama akatoka bila kwaheri. Chege alisema hataleta redio yake kwangu tena. Nderitu amepata mtu. Kesho asubuhi naenda kwa Shivachi, nitamwambia kwa mdomo wangu, hata akinipiga na mbao.

Nisamehe. Nikubalie nije Mashimoni nimwone Nelima. Nije lini?

Timo


Mashimoni
3 Septemba 1995

Timothy,

Shivachi amenirudisha. Alisema ulifika Jumatatu saa moja asubuhi na ulimweleza yote. Alitaka nianze mwezi mpya, nimeanza kazi Ijumaa.

Mama mkwe alifika Alhamisi. Alinikuta na mikono ya mjengo. Nilimweleza habari ya Shivachi, akasema ya kesho ni ya Mungu, yeye anaona ya leo. Nelima alikuwa ameanza kuniita baba, wiki ya tatu sasa. Alilia mpaka stage ya mabasi. Aketch alimbeba sehemu ya njia kwa sababu mimi sikuweza. Walipanda basi la saa mbili.

Umeniuliza uje lini kumwona. Huyo hayuko.

Umesema kwamba hukungoja ile sauti imalize. Mimi nilidhani ulisikia ukanyamaza, na miezi hii yote nimekuwa nikikuchukia kwa kunyamaza. Kumbe hukusikia. Kwa hivyo nakuandikia nilichosema, maana hakuna mahali pengine kilipo sasa.

Nilisema: "Timo, ni Wesonga. Hii ni namba sita. Kabla sijapiga nataka kusema kitu na siwezi kukisema nikikuona. Kwa matanga ya babu nilikukosea. Ulikuwa unapiga vizuri. Ulikuwa unapiga kunishinda, na niliogopa watu wataona, ndiyo maana nikakutoa. Babu mwenyewe aliniambia kabla hajafa kwamba gita apewe Timo, na sikumwambia mtu. Iko hapa kwangu. Njoo uichukue. Njoo Jumapili yoyote, tule ugali, hata kama Nelima hayuko. Sasa napiga."

Ndivyo nilivyosema, sijaongeza wala kupunguza. Mara kumi za kwanza niliharibu kwa sababu ya hayo maneno, si kwa sababu ya gita.

Jana nilijaribu kuyasema tena, peke yangu, mlango umefungwa, nione kama ningeweza kukuambia ukija. Mdomo ulikataa. Nimeweza kwa kalamu tu, na hii ni mara ya mwisho.

Gita ya babu nimempa Valentine, atakuletea Jumanne na barua hii. Nyuzi ni zile mpya za shindano, sikuwa nimezifungua. Usimpe jibu aniletee. Tukikutana nyumbani kwa mazishi ya mtu tutasalimiana, ili wazee wasiulize.

Wesonga Wanzala